Elimu ya madini Rungwe ianzie shambani

Wilaya ya Rungwe inajulikana kwa chai, ndizi, viazi, maziwa na, katika miaka ya karibuni, parachichi. Yakitajwa madini, mawazo ya wengi mjini Tukuyu huenda Chunya, Geita au Mererani. Hesabu hiyo ina kasoro. Rungwe imekaa juu ya mali iliyoletwa na volkano, na sehemu ya mali hiyo inauzwa bila wenyeji kuiita madini.

Huko Kyejo, hewa ukaa inayotoka ardhini huvunwa na kampuni ya TOL Gases na kupelekwa kwenye viwanda vya vinywaji, ambako hutia povu kwenye soda na bia. Eneo la Kiejo-Mbaka nalo lilichorongwa mwaka 2021 na Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi (TGDC) katika utafiti wa nishati ya joto la ardhini. Kuna pia mchanga, mawe, kokoto na moramu, vitu ambavyo kila barabara na kila nyumba inavihitaji. Kisheria, hivyo navyo ni madini ya ujenzi.

Tatizo linaanzia hapo. Mkulima anayefuatwa na mwenye lori huona fedha taslimu, hukubali bei ya tripu, na mchimbaji huanza kazi. Mvua za Rungwe zikianza, shimo hugeuka bwawa na kingo zake humomonyoka. Fedha ya tripu huisha kabla ya msimu, lakini mgomba uliong'olewa hapo haurudi.

Sheria haikumwacha mkulima huyo mikono mitupu. Madini ni mali ya Taifa, lakini leseni haimpi mchimbaji ruhusa ya kuingia shambani kwa mtu apendavyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka apate ridhaa ya mmiliki halali wa ardhi na kulipa fidia ya haki. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania tu. Marekebisho ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, na kukubaliana na halmashauri husika. Lakini haki isiyojulikana haidaiwi, na mwanakijiji asiyejua kwamba mpango huo upo hawezi kuuliza kama zahanati au kisima cha kijiji chake kimo.

Majirani wa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira wana somo la ziada. Mgodi huo ulibinafsishwa katikati ya miaka ya 2000, uzalishaji ukasimama, na baadaye ukarudishwa serikalini chini ya STAMICO. Mfanyabiashara aliyetegemea mshahara wa wachimbaji pekee aliona jinsi duka linavyokauka. Fedha ya madini ina mwisho. Faida yake hubaki pale inapogeuzwa kuwa ng'ombe wa maziwa, miche ya parachichi, ada ya shule au mtaji wa biashara nyingine.

Ndiyo maana mafunzo ya madini yasiishie kwenye semina za viongozi hotelini. Ofisi ya madini iliyopo Mbeya, pamoja na halmashauri za Rungwe na Busokelo, zitumie njia ambazo wakulima tayari wanazo: vyama vya ushirika vya chai, vikundi vya maziwa na parachichi, mikutano ya vijiji na siku za gulio. Masomo yawe machache na ya vitendo: namna ya kuomba leseni ndogo kwa kikundi, kusoma mkataba kabla ya kutia dole gumba, kukadiria fidia ya mazao, kuhesabu tripu na ujazo wake, na kufukia shimo kazi ikiisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa Rungwe hupima chai yake kwa kilo na maziwa yake kwa lita, na hakubali kuibiwa kwenye mizani. Akifundishwa kupima mawe na mchanga wake kwa umakini huo huo, madini yatamsaidia kusomesha watoto na kupanua shamba. Asipofundishwa, lori litaondoka na mali, naye atabaki na shimo.