Sifa za Subira Hazikaangi Samaki

Kila Machi 8 ikifika, viongozi wetu wa Pwani hupanda jukwaani wakawamwagia kina mama sifa. Mama shujaa! Mama mvumilivu! Vigelegele hupigwa, leso hugawiwa, kisha msafara wa magari huondoka. Nimechoshwa na sifa hizo. Anayemsifu mwanamke kwa kuvumilia mzigo ambao yeye mwenyewe ana uwezo wa kumtua, huyo anamdhulumu kwa maneno matamu.

Nendeni Ngomeni mkajionee. Ni kaskazini mwa Malindi, ukishapita Gongoni, mashamba ya chumvi yakiwa yametanda huku na huku. Mashua zikifika ufuoni, samaki wakubwa na kamba wana mwenyewe tayari: tajiri, yule aliyemkopesha mvuvi nyavu, mashine na mafuta. Deni ndilo linaloamua nani apimiwe kwanza. Kinachobaki, vile vidogo visivyo na soko hotelini, ndicho cha mama karanga, mwanamke mkaanga samaki. Huyu amesimama na ndoo yake tangu maji hayajaanza kupwa. Atawanunua, atawapara, atawatia chumvi, atawasha kuni na kuinamia karai kwenye moshi, kisha ajitwike beseni akauze kwa fungu. Wakimzidi, huwapasua akawaanika wawe ng'onda, maana samaki aliyelala bila barafu ni hasara.

Kabla hajajitwika, kichwani ameshapiga hesabu ya samaki, mafuta ya kukaangia, kuni, nauli ya boda na deni la jana. Anajua bei ya leo Gongoni, anajua ni mteja gani atalipa na yupi atamkimbia. Lakini tukiulizwa mama fulani afanya kazi gani, twajibu bila haya: "Hana kazi, akaanga samaki tu." Hana kazi! Mwenye kusomesha watoto kwa karai hana kazi, ila anayekuja kumhutubia kuhusu ujasiriamali ndiye mwenye kazi?

Kisha upepo wa kusi huingia. Kuanzia Aprili bahari huchafuka, mashua hulala pwani na karai hupoa. Nani humshika mkono wakati huo? Benki yataka hati ya shamba. Hati gani, katika eneo hili la Magarini, lenye Ngomeni, ambalo ardhi yake imegombewa miaka nenda miaka rudi, hata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006 kuhusu malalamiko ya wakazi dhidi ya kampuni za chumvi? Anayemshika mkono ni mwanamke mwenziwe. "Shoga, chukua fungu hili, utanilipa bahari ikitulia." Ni mali kauli, bila karatasi wala shahidi. Mmoja akilazwa hospitalini, mwenziwe humuuzia samaki na kumchungia watoto. Upatu wa chama ndio hulipa karo, na ndio hununua sanda.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, tuliliona hilo mchana kweupe. Machi 27 kafyu ikaanza, na mvuvi wa usiku akafungiwa ufuoni. Aprili 8 Kilifi ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na hoteli za Malindi zikakosa wageni. Wanawake walikula kwa kugawana walichokuwa nacho.

Urafiki huo nauheshimu, na ndiyo maana nakasirika unapogeuzwa kisingizio. Serikali ya kaunti na wafadhili wakiuona hupiga makofi, wakasema kina mama wamejipanga, basi wanajiweza. Hapana, hawajiwezi! Chama huinua mmoja akianguka, kwa sababu wengine wamesimama. Kusi ikivuma huwavumia wote siku moja, na wanachama wote huja kukopa kwenye kisanduku ambacho hakuna aliyetia kitu. Rafiki maskini hawezi kuwa benki, bima na hospitali. Kumwachia hayo yote, kisha kumpa leso kila Machi, ni ukatili.

Na msiniambie ndivyo mwanamke alivyoandikiwa. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo hapo mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Msimamizi wa mradi ule kwa upande wa NASA alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na setilaiti ile ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Townsend alikuwa na akili na bidii, sikatai. Lakini pia alikuwa na cheo, bajeti, wataalamu chini yake na neno la mwisho. Hakuna aliyemwambia avumilie roketi iruke yenyewe. Mama karanga wa pwani ile ile ana akili na bidii vilevile. Alichonyimwa ni hayo mengine.

Tena amenyimwa kinyume cha sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lenyewe lilikaidi, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Wakubwa wakifanya hivyo Nairobi, kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, itajifunza nini?

Kwa hiyo nasema na kaunti ya Kilifi: mnaponunua friza na mashine ya barafu kwa pesa ya umma, ufunguo mmoja na ukae kwa mama karanga. Mkopo wenu usidai hati. Daftari la chama lililolipwa miaka mingi ni dhamana tosha. Wekeni akiba ya kusi kwenye bajeti, maana kusi si dharura, huja kila mwaka.

Nasema na wanaume wa BMU: mwanamke akikaa kwenye kamati, asiitwe kuandaa chai. Akae panapoamuliwa bei na zamu ya kupimiwa.

Nawe dada uliyesoma, mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, uliyelipiwa karo na karai la mamako: usirudi nyumbani na pongezi tupu. Keti na chama chake, waandikieni barua ya madai, mwende nayo pamoja hadi afisi ya gavana, na msiondoke mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.