Likizo ya mashua: Hapana pa kununia

Ikiwa una ndugu Uingereza naye akuambie anakupeleka likizo ya mashua, usikimbilie kununua miwani ya jua. Kosa hilo nililifanya miye. Kaka yangu aliponiarifu kwamba tungekaa juma zima majini, yeye, shemeji, watoto wao wawili nami, nilijiona nimekaa kitako nikinywa madafu kama watalii wa Lamu. Kumbe nilikuwa naitwa kazini!

Mashua yenyewe ni ya chuma, nyembamba ajabu. Upana wake ni mita mbili na kidogo tu, ilhali urefu unalishinda basi. Ndani mna jiko, vitanda na choo, vyote vimepangwa mstari mmoja, hata ukitaka kwenda msalani usiku sharti uwapite wenzako wakikoroma.

Wembamba huo una sababu. Mifereji hiyo ilichimbwa kwa sululu na sepetu, mingi yake katika karne ya 18, ili kubebea makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Ule wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka wa 1761, uliteremsha sana bei ya makaa mjini Manchester. Mingi iliyofuata ilijengwa myembamba ili kupunguza gharama, nazo mashua, zilizovutwa na farasi, zikalazimika kuwa nyembamba vilevile. Reli ilipoingia, biashara hiyo ilififia. Mwaka wa 1946 kiliundwa chama cha kuitetea mifereji isiachwe ikafa, na leo wanaoitumia zaidi ni watu wa starehe.

Leseni ya udereva haihitajiki. Mwenye mashua alitufunza kwa muda mfupi tu: ukiusukuma mkono wa usukani kulia, mashua yaenda kushoto, na breki hakuna. Mwendo usizidi kilomita sita hivi kwa saa. Bikizee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa kandokando ya mfereji alitupita, akatuamkia, akatuacha.

Basi, shida yetu haikuwa mashua. Shida ilikuwa kaka na kijana wake wa miaka 15, ambao walikuwa hawajasemezana ipasavyo tangu ripoti ya shule ya muhula uliotangulia. Nyumbani kijana huingia chumbani akafunga mlango. Mashuani atafunga mlango gani?

"Baba mdogo, hii itaisha lini?" aliniuliza siku ya kwanza, vinasa sauti masikioni.

Alivitoa siku ya tatu, tulipofika daraja la Pontcysyllte kule Wales. Hilo si daraja la magari, ni la maji. Mfereji wenyewe unapita angani ndani ya karai la chuma lenye urefu wa mita 307, na mto Dee uko chini kabisa, mita 38. Lilikamilika mwaka wa 1805, na tangu 2009 limo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Upande mmoja una njia ya miguu na vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hauna kitu! Unachungulia dirishani na kuona vilele vya miti. Shemeji alifumba macho mpaka tukavuka. Kijana alisimama kando ya babake, kimya, lakini alisimama.

Tulipokuwa tukirudi ndipo tulipoponea chupuchupu. Mfereji ukiteremka mlima, mashua huingia katika chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Unafungua vidirisha vya lango la mbele kwa mkono wa chuma, maji yanatoka, nayo mashua inashuka polepole kama lifti. Chini ya lango la nyuma kuna kizingiti kilichojificha majini, na mstari mweupe ukutani unaonyesha kinapokomea. Nyuma ya mashua ikikikalia maji yakipungua, pua inazama. Mashua zimezama hivyo.

Kule New Marton kaka alikuwa usukanini, akipiga gumzo nami. Ghafla sufuria zikaanza kuteleza jikoni na shemeji akapiga yowe. Kaka akamgeukia kijana kule juu langoni: "Umefanya nini wewe!" Kijana hakujibu. Alikuwa ameuona mstari mweupe uko wapi. Alivifunga vidirisha vya mbele, akakimbia hadi lango la nyuma na kuvifungua vya huko kidogo kidogo. Maji yakarudi, mashua ikajinasua na kukaa sawa. Bintiye kaka, wa miaka minane, alikuwa kitandani mbele kabisa, akichora.

Kaka alikaa muda mrefu mikono ikimtetemeka. Gumzo, nakiri, lilikuwa langu pia.

Tulipolikaribia lango lililofuata alimwita mwanawe, akampa usukani na kuniomba nisimame naye. Kisha akashuka na ule mkono wa chuma, akauingiza mahali pake na kuuzungusha upande usio wake.

"Upande wa pili, baba," kijana akamwambia.

"Huu?"

"Huo huo. Pole pole."