Mvua ya Mawe na Kipimo cha Shamba

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba za udongo. Mifugo ilikufa na mazao yakaharibika. Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, alifika mwenyewe kuwapa pole wafiwa.

Katika maafa ya namna hii, kinachohesabika upesi ndicho kinachosaidiwa upesi. Nyumba zilizoanguka huhesabiwa kwa siku moja. Shamba halihesabiki hivyo. Wingu la mvua ya mawe hupita likichora ukanda mwembamba, hata shamba lililoangamia na lililosalimika huweza kutenganishwa na njia ya miguu tu. Kipimo cha mvua kilichoko mjini hakiwezi kueleza ni nani aliyepoteza. Ndiyo maana bima zinazotegemea vipimo vya mvua, kama Kilimo Salama iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2009, zinafaa kwa ukame, ambao hutanda eneo kubwa, lakini kwa mvua ya mawe hazimfai sana mkulima.

Basi hapana budi mtu aende shambani. Lakini hata huyo aendaye kesho yake asubuhi aweza kudanganyika. Mahindi machanga yaliyochanwachanwa hutia huruma, kumbe ncha ya kukua ingali chini ya ardhi mpaka mmea ufikishe majani kama sita, nayo huchipua tena. Mahindi yanayotoa mbelewele yakipoteza majani yote hayana tumaini, ijapokuwa mashina yamesimama wima. Pamba iliyovunjika matawi mwezi Machi huweza kuchipua, ila muda wa vitumba kukomaa umekwisha kupungua. Viazi vitamu navyo hupoteza majani, lakini yaliyomo tutani hayakuguswa, na michembe ya mwaka huo bado ipo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea hushauri kungoja siku 7 hadi 10 kabla ya kukadiria hasara. Anayelipa kwa kutazama majani tu atamlipa asiyestahili na kumnyima anayestahili.

Sisemi kwamba Serikali imlipe kila mkulima kila kilichopotea. Hazina ya nchi haiwezi kuubeba mzigo huo. Nasema kwamba hicho kidogo kitolewacho kifuate hasara iliyopimwa. Wapo watakaouliza: nani atazuia mtu kutaja ekari kumi hali alilima mbili? Swali ni la haki, na jibu lake ni daftari lililoandikwa kabla ya maafa, si baada yake. Daftari la namna hiyo limekwisha kuanzwa. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wamekuwa wakiandikishwa vijijini kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Orodha hiyo ikitajwa pia zao na tarehe ya kupanda, kamati ya maafa ya kijiji itakuwa na pa kuanzia, na bwana shamba atakwenda kupima badala ya kusikiliza maneno. (Pikipiki yake, bila shaka, itahitaji mafuta, jambo dogo ambalo mara nyingi ndilo hukwamisha makubwa.)

Tena haraka ina maana yake hapa. Katika udongo mzito wa mbuga za Shinyanga, dengu hupandwa mwishoni mwa masika, Machi na Aprili, zikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mkulima aliyepigwa mwanzoni mwa Machi, akipewa fedha za mbegu kabla Aprili haijaisha, huweza kuvuna kitu mwaka huo huo. Fedha hizo hizo zikimfikia Juni, udongo umekwisha kupasuka, naye atazinunulia unga.