Mzazi Akilia, Tusikimbilie Kusema Shetani



Visiwani kwetu mzazi hutunzwa. Tunamkanda kwa maji moto, tunampikia uji wa pilipili manga, na siku arubaini hashiki kazi. Lakini akikaa analia tu, tunasema ana shetani, au hamshukuru Mungu aliyempa mtoto. Sisi tunaona maneno hayo yanaumiza, na tuyaache.

Wakati wa mimba, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana, na zinatoka zaidi kwenye kondo la nyuma. Kondo likishatoka, zinaporomoka ndani ya siku chache. Ndiyo maana wazazi wengi hulia siku ya tatu mpaka ya tano, kisha wakawa sawa kabla ya wiki mbili. Hapo dawa yake ni usingizi na mtu wa kumpokelea mtoto.

Zikipita wiki mbili naye bado hana raha, hali, hapati usingizi hata mtoto akilala, au hamtamani mwanawe, huenda hiyo ni sonona. Homoni peke yake hazitoshi kuieleza, kwani zinashuka kwa kila mzazi na si wote wanaougua. Wapo wanaoathirika zaidi na mporomoko huo, hasa aliyewahi kuugua sonona. Ongeza maneno ya mawifi, mume asiyejali na shida ya pesa, mzigo unamzidi.

Wala tusimwambie imani yake ndogo. Bibi Maryam, alayhas-salaam, uchungu ulipomshika alitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji na tende.

Basi dua tusome, na hospitali tumpeleke. Zipo dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha, na daktari ndiye wa kumchagulia. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Nawe biharusi, mweleze mumeo haya mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Na sisi tunaokwenda kumtazama mzazi, tukishamsifia mtoto, tumuulize na mama: moyo wako vipi, mwenzetu? Kisha tukae tumsikilize.

Wabillahi tawfiq.