Daftari Lililofutwa

Mwanafunzi mmoja wa masomo yetu ya ziada alifuta jibu sahihi katika daftari lake. Swali lilisema: rahisisha 2(x + 3) − x. Aliandika x + 6, programu ikamwonyesha alama ya kosa, naye akaamini kuwa amekosea. Kosa lilikuwa letu sisi tulioliandaa jaribio: tuliingiza x + 3 kuwa ndilo jibu, wala hatukulipitia mara ya pili.

Aliyeligundua ni baba yake, fundi uashi, aliyetufuata baada ya Isha akiwa na daftari mkononi. "Katibu, nimeweka moja mahali pa x. Swali linanipa saba. Hili alilolifuta mtoto linanipa saba, lenu linanipa nne." Hatukuwa na la kujibu.

Je, tuache basi kutumia programu? Hatuoni hivyo. Zipo zinazofanya kazi hii kwa umahiri, mfano STACK, iliyobuniwa na Chris Sangwin katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na ambayo jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, wanaitumia. Hiyo haimlazimishi mwanafunzi kuchagua A, B au C. Humwachia aandike jibu lake, kisha hulipima kwa kanuni za aljebra. Aliyeandika 2x + 6 na aliyeandika 2(x + 3) wote hupata, maana ni kitu kimoja. Swali likidai mabano, huweza kumweleza wa kwanza kwamba thamani ni sahihi ila umbo silo lililoombwa. Tena swali lile lile huweza kumpa kila mtoto namba zake, na wale wazoefu wa kuchungulia kwa jirani (tunawafahamu) huambulia jibu lisilowafaa.

Lakini programu hupima kilichoandikwa kwenye kisanduku cha jibu. Mtoto aliyefuata hatua zote sawasawa akateleza katika kujumlisha mwishoni, na mwenzake aliyebahatisha akakosa, huenda wote wakaandikiwa sifuri. Hatua zimo daftarini, na daftari halisomwi na mashine.

Tulipolirekebisha jibu, programu ilisahihisha upya kazi za watoto wote kwa dakika chache. Kwa kalamu nyekundu tungekesha. Mtoto yule tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Kuanzia sasa hakuna jaribio litakalotolewa kabla walimu wawili hawajalifanya kwa mkono, kila mmoja peke yake, na kila mtoto atawasilisha daftari pamoja na jibu. Nanyi wazazi, mtoto akija na alama, mwombeni daftari kwanza, hata kama hesabu mliziachia darasa la saba.

Matokeo mapya mtayapata Jumamosi, baada ya Alasiri.