Damu ya mkimbiaji isisomwe kama damu ya mgonjwa

Leo tunaandika kutoka Mkunya, Newala, huku juu kwenye nyanda za Makonde, na tunaandika tukiwa na hasira. Mtuvumilie.

Sisi ni mafundi cherehani, kazi yetu ni kukaa. Msimu wa korosho ukifika na watu wakishika pesa, tunakaa toka asubuhi mpaka usiku, mgongo umepinda, maandazi pembeni. Matumbo yakaota, presha ikaanza kutajwa. Ndipo wanne wetu tukaamua kukimbia alfajiri. Tukajishonea suruali pana na mitandio mifupi ya kitambaa chepesi, tukaingia barabarani.

Maneno yalisemwa, hayo tumeyazoea. Kilichotuudhi ni hiki. Mwenzetu mmoja alikuwa safarini, Jumapili akakimbia mbio ndefu kuliko zote alizowahi kukimbia. Jumatatu akaenda kupima afya kwa hiari yake, hana homa wala kikohozi. Akatolewa damu, kipimo kiitwacho CRP kikaonekana kimepanda. Hakuulizwa jana yake alifanya nini. Akaambiwa ana maambukizi kwenye damu, akapewa antibaotiki, na juu yake akaambiwa mbio si za wanawake wa umri wake, zinamuunguza ndani. Ana miaka 36! Habari ilifika Mkunya kabla yake, na wiki ile ile waume wawili wakawakataza wake zao.

Haya, tuseme wazi. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na jeraha au vijidudu. Iligunduliwa mwaka 1930 huko Marekani, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Kipimo chake kinakuambia kuna uvimbe mahali fulani mwilini, hakikuambii ni wapi wala umeletwa na nini. Na msuli uliofanya kazi kupita mazoea yake nao huchanika kidogo kidogo, mwili ukaanza kuutengeneza. Wakimbiaji wa maratoni wakipimwa siku moja baada ya mbio, CRP yao huwa imepanda sana, kisha hushuka yenyewe kwa siku chache. Chanzo kikiisha, iliyobaki kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Kuna na kitu kingine, intalukini-6, ambacho baada ya mbio ndefu kinaweza kupanda hata mara 100. Zamani kilihesabiwa dalili ya ubaya tu. Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen walionyesha kwamba msuli wenyewe unaofanya kazi ndio unaokitoa, na kikitoka hapo huamsha vitu vingine vinavyotuliza uvimbe. Basi mtu anayeona namba imepanda akakukataza mbio amesoma nusu ya habari.

Magdalena Shauri wetu alikimbia Berlin Septemba 2023, akawa wa tatu kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Angepimwa kesho yake na kusomwa kama alivyosomwa mwenzetu, si angelazwa?

Uvimbe wa kuogopa ni ule mdogo usioisha, wa mwaka hadi mwaka, unaotembea pamoja na sukari na maradhi ya moyo. Mafuta ya tumboni huuchochea. Mazoezi ya kila wiki huushusha, hasa tumbo nalo likipungua. Kwa hiyo aliyetukataza ameturudisha kwenye kiti, na kiti ndicho kilichotuletea presha.

Wako wanaosema: mwanamke wa huku anapanda mteremko na ndoo kichwani, analima, anaokota korosho, mazoezi ya nini tena? Hawa wanatuudhi zaidi, maana wanajifanya kutuonea huruma. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2021, wa watu zaidi ya laki moja, ulikuta kwamba wanaojishughulisha kwa hiari wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo, lakini wenye kazi nzito za mwili hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Mkimbiaji anakimbia, anakula, anapumzika, mwili unajijenga. Mbeba ndoo hana siku ya mapumziko. Anayeona ndoo inatosha, aibebe yeye Jumamosi sisi tukimbie.

Hatusemi CRP ipuuzwe. Ukiwa na homa, kidonda kinachouma au kikohozi, usikimbie, nenda ukatibiwe. Lakini ukienda kupimwa mwambie mpimaji ulikimbia lini na umbali gani, au pumzika siku kadhaa kwanza. Mwenzetu alipumzika wiki mbili akarudia kipimo, kikawa cha kawaida kabisa.

Katikati ya hofu hiyo akaja muuza juisi ya "kusafisha damu" kwenye kundi letu la WhatsApp, chupa shilingi 20,000. Tulinunua tatu, tunakiri. Ilikuwa tangawizi, ndimu na sukari nyingi.

Tumerudi barabarani, watatu kati ya wanne. Wa nne bado mumewe hajakubali, na makala hii tumemtumia yeye mume. Muuza juisi naye anatusoma humu. Dada, hela yetu.