Jina la Mche

Anayenunua mche wa parachichi hanunui mti, ananunua jina. Kijiti chenye majani manane ndani ya kiriba cheusi hakina ua wala tunda la kukitambulisha. Upange pamoja mche wa Hass, mche wa Fuerte na mche uliojiotea kutoka kokwa lililotupwa nyuma ya jiko, na hata bwana shamba mzoefu atasita kabla ya kuapa upi ni upi. Kinachoitenganisha miche hiyo ni neno la muuzaji basi. Na neno hilo siku hizi linauzwa kwa simu, na mtu ambaye mnunuzi hajapata kumwona, kwa fedha inayotangulia kabla mche haujapakiwa kwenye basi.

Biashara hii kama inavyoendeshwa sasa haifai, na lawama zake tumezitwisha mabega yasiyostahili.

Tazama matangazo yenyewe. Picha ni ya tunda lililopasuliwa katikati, nyama yake ya njano, kokwa linang'aa. Tunda zuri kweli, lakini si tunda linalouzwa. Picha ya kitalu hakuna. Picha ya mti ulikokatwa kikonyo hakuna. Chini yake imeandikwa kwamba ni Hass orijino, wanatuma mikoa yote, lipia nusu kwanza. Orijino ya wapi? Iliyobebeshwa na nani, lini, juu ya shina gani? Ukiuliza unajibiwa kwa picha nyingine ya tunda.

Swali la "ya wapi" si la kutafuta ugomvi. Hass yote iliyoko duniani ni mti mmoja. Mpeleka barua wa posta huko California, Rudolph Hass, alipanda kokwa katika miaka ya 1920. Alikusudia kuubebesha mche ule aina ya Fuerte iliyokuwa ikitamba wakati huo, vikonyo vikakataa kushika, akakaribia kuukata. Akauacha. Mwaka 1935 alipata hati miliki ya mti huo, ingawa haikumtajirisha, maana watu walinunua mche mmoja kwa haki kisha wakabebesha mashamba mazima bila kumlipa. Mti mama ulikufa mwaka 2002. Lakini kila Hass ya kweli iliyoko Njombe, Rungwe, Murang'a au Peru ni kipande cha mti ule, kilichohamishwa kwa kisu kutoka shina hadi shina. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja tu, kinachofuata si Hass, hata kama kimefanana nayo kwa majani.

Kokwa haliwezi kuuunga. Ua la parachichi hufunguka mara mbili. La Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga, na kesho yake alasiri hufunguka tena likiwa dume. La Fuerte huanza ujike wake alasiri na kuwa dume asubuhi inayofuata. Nyuki hupita katikati yao wakichanganya. Ndiyo maana kokwa ulilolitoa ndani ya Hass iliyo tamu kuliko zote litakupa mtoto wa Hass, na mtoto si mzazi.

Wanaojidai wajuzi hutuambia tuangalie kovu la kubebeshea kwenye shina. Ushauri huu umewaponza wengi. Kovu linathibitisha kwamba kisu kilipita. Halisemi kikonyo kilitoka mti gani. Nimekaa miaka mingi na vyeti vya watu mezani, na najua kwamba muhuri ulio halali unaweza kukaa chini ya jina lisilo halali.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba mnunuzi awe mwangalifu. Uangalifu wa nini? Mtu anayenunua samaki hufunua shavu akaona wekundu. Anayenunua kitenge hukishika. Mnunuzi wa mche hana cha kufunua hadi mwaka wa tatu au wa nne, mti unapozaa. Kumwambia awe mwangalifu ni kumwambia aone kisichoonekana, kisha kumcheka kwa kutokiona.

Hoja nyingine ni ya wale wanaosema parachichi ni parachichi, zote zinaliwa. Ni kweli zinaliwa. Ila mnunuzi wa kusafirisha nje anayekuja na mizani anataka ganda gumu linalovumilia safari na kugeuka jeusi likiiva. Akikuta la kijani lenye shingo ndefu, anarudisha kreti zake garini. Hilo la kijani utalipeleka barabarani kwa ndoo, kwa bei atakayokutajia mpita njia.

Jirani yangu, mama mjane, mwalimu mstaafu, aliipanda ekari moja. Kwa nafasi ya meta 7 kwa 7 ilimeza miche kama 80. Kijana aliyemuuzia alimwambia kwenye simu, "Mama, hiyo ni Hass orijino kabisa, usiwe na wasiwasi." Akailimia, akaimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, akanunua samadi, akaacha kupanda mahindi kwenye ekari hiyo ili mizizi isisongwe. Mwaka wa nne miti ilizaa. Tunda lilikuwa refu, la kijani, na likabaki kijani hadi likaoza. Alipopiga ile namba haikuwa ikipatikana tena. Fedha ya miche ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya hasara yake. Hasara kubwa ni miaka minne, na kwa mtu wa umri wetu miaka haihesabiki kwa shilingi.

Wapo wanaotaka uuzaji huu wa simu upigwe marufuku. Siko pamoja nao. Aliyeko Tabora au Tunduru asingepata mche mzuri kwa urahisi kama si simu na basi. Wapo pia vijana wenye vitalu safi wanaoujua ufundi wao, na hao ndio wanaoumizwa zaidi. Mche wao wa shilingi 6,000 unashindana na wa shilingi 2,500 unaodai jina lile lile.

Mahindi yamepatiwa ulinzi. Mfuko wa mbegu una lebo ya TOSCI, mkulima anakwangua namba na kuihakiki kwa simu hiyo hiyo. Nimeshuhudia viriba vingi vya parachichi vikishushwa stendi. Sijaona kimoja chenye kikaratasi. Na mbegu mbaya ya mahindi huharibu msimu mmoja tu!

Ninachodai ni kwamba muuzaji abaki na jina alilolitaja mpaka tunda la kwanza. Aandike stakabadhi yenye aina ya mche, mti mama au kitalu kilikotoka kikonyo, tarehe ya kubebesha, jina lake na mahali alipo. Mti ukizaa kitu kingine, arudishe fedha na alipie kubebesha upya. Nitaambiwa kuwa hiyo ni kumwonea, kwa sababu mkulima anaweza kuutelekeza mti. Mkulima mzembe anaweza kuua mti, lakini hawezi kuigeuza Hass kuwa kitu kingine kwa uvivu wake. Lipo jambo moja la kumtetea muuzaji, nami nalikubali: kikonyo kikifa, chipukizi la chini ya kovu huweza kukua likachukua nafasi yote. Lakini hilo linakaguliwa kwa macho. Tawi ama limetoka juu ya kovu ama chini yake, na wazee wawili wa mtaa wanatosha kuamua.

Kalamu ya wino na kipande cha plastiki kilichofungwa shinani vinagharimu kidogo kuliko muda wa maongezi wa siku moja. Anayekataa kuandika hakatai kwa ajili ya gharama.

Miti ya jirani yangu haikung'olewa. Imekatwa kimo cha kiuno na inabebeshwa upya, jambo litakalompotezea misimu mingine. Fundi aliyekuja safari hii ameleta daftari. Kwa kila mti ameandika aina, shamba alikokata vikonyo na tarehe, kisha ameweka sahihi, na mama naye ameweka yake.